Magari Yenye Mikia Miwili

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mnaopita hapa Ngokolo na pikipiki za umeme zisizo na kelele, nimewasikia mkigombana. Wawili wenu mlisimama mbele ya uzio wangu. Mmoja betri ilikuwa imemwishia, mwenzake alikuwa na chaja, lakini kichwa cha chaja hakikuingia katika tundu la pikipiki ya mwenzake.

"Kampuni yako ya hovyo," alisema mmoja.

"Ya kwako ndiyo ya hovyo, ndiyo maana unaisukuma."

Nilicheka peke yangu nikiwa nachambua mchicha, kisha nikaona si haki kuwacheka bila kuwaeleza sababu. Ugomvi huo naufahamu vizuri. Niliufanyia kazi kwa miaka mingi, nikaula mshahara wake, na nikausomeshea watoto wawili.

Jina langu kazini lilikuwa Mama Kulwa, mtunza chumba cha betri. Nilianza Jumatatu, tarehe 4 Machi 1991, katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa mjini Shinyanga. Mume wangu alikuwa dereva katika kiwanda hichohicho, na alifariki Agosti ya mwaka uliotangulia. Ndugu zake walikuja na pendekezo la kunirithi. Niliwapikia, wakala, nikawasindikiza kwa heshima hadi barabarani. Nilikuwa na pacha wa miaka minane, Kulwa na Doto, na cheti cha elimu ya watu wazima ambacho wino wake ulikuwa haujazoea kukauka. Mtaona napenda tarehe. Aliyejifunza kuandika akiwa mzee wa kutosha kuamkiwa shikamoo na wanafunzi wenzake haandiki tarehe kwa mazoea. Huigonga kama muhuri.

Mnadhani magari ya umeme yamezaliwa juzi. Sisi tulikuwa nayo tisa: foklifti tatu za kubeba marobota ya pamba, na matoroli sita ya kukaliwa na dereva, yenye sakafu bapa ya mizigo. Yote yaliendeshwa kwa betri. Mwenye mali, Bwana Dhiraj, aliyanunua yakiwa yametumika, kutoka nchi mbalimbali, na hakuyanunua kwa mapenzi ya teknolojia. Katika ghala la pamba, bomba la moshi likitema cheche moja, mnahesabu majivu. Tena alikuwa na sehemu ya mgodi upande wa Geita, ambako mawe ya dhahabu yalitolewa ndani ya mlima kwa njia ya chini yenye mdomo mmoja tu. Gari la dizeli humo ndani lingewavutisha watu moshi hadi wazimie. Kwa hiyo kuanzia Juni magari yalifanya kazi ya pamba hapa Shinyanga. Pamba ikiisha, yalipakiwa kwenye lori, yakapita Didia na Tinde, yakazunguka Kahama hadi Geita, yakabeba mawe kwenda kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya ghala. Aliyenifundisha ni Fundi Luhende, rafiki wa marehemu mume wangu, na kwa hiyo nilimwita shemeji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vinene visivyolingana na ustadi wake. Somo la kwanza alilonipa halikuwa la umeme. Aliniwekea ndoo ya magadi mlangoni, haya haya tunayolainishia maharage, akasema, "Tindikali ikikugusa, usikimbilie kwa mganga. Kimbilia hapa." Magadi hunyamazisha tindikali mara moja, inatoa povu, inatulia. Tatizo la ndoo ile lilikuwa mama wa kantini. Kila wiki ilipungua, na kila wiki maharage ya kantini yaliiva upesi. Nilimwendea nikamwambia kwa utaratibu kwamba magadi hayo yamechovywa mikono yenye asidi ya betri. Wafanyakazi waliokuwa wakila wakasimamisha vijiko. Kuanzia siku hiyo ndoo haikupungua tena, ila mimi kantini nilipewa nyama ya mifupa mitupu hadi Krismasi.

Somo la pili: maji ya betri yaongezwe baada ya kuchaji. Betri ikichajiwa, maji yake hupanda. Ukiijaza kwanza, itatapika tindikali sakafuni. Somo la tatu lilikuwa la masikio. Betri inayokaribia kujaa huanza kunong'ona ndani, kama uji unaotafuta kuchemka. Ikifikia hapo, fungua madirisha, zima sigara za watu wote, na usivae nguo ya nailoni. Nilivaa khanga za pamba chini ya koti, na zote zilikuwa na vitundu vidogo vidogo. Sikuwahi kuzionea haya. Mwenye khanga nzima hakuwa amefanya kazi.

Sasa niwaeleze kuhusu plagi.

Kila gari lilikuja na plagi ya kwao lilikotoka. Luhende aliziondoa zote, akachonga zake kwa mashine ya karakana, za shaba nyeupe na nyekundu, zenye vichwa viwili vya mviringo, kimoja kinene na kimoja chembamba. Zilikuwa nzuri kama hereni. Hazikupata moto hata ukichaji usiku kucha, na hazikukubali kuingia kinyume, kwa sababu kichwa kinene hakiingii tundu jembamba. Lakini zilikaza. Kuichomoa ilibidi utumie mikono miwili na mguu mmoja ukutani.

Geita kulikuwa na fundi mwingine, Mabula, kijana kuliko Luhende kwa miaka ishirini. Yeye alitengeneza plagi yake: nusu mbili bapa zinazofanana, zinazokutana kama viganja vya watu wanaosalimiana, na mkono wa nondo iliyopindwa wa kuvutia. Ukiwa na matope, ukiwa na glovu, unaivuta kwa mkono mmoja tu. Dosari yake ni kwamba nusu zile, kwa kuwa zinafanana, ziliweza kukutana juu chini, chanya ikaenda kwa hasi. Mwaka 1993 ilitokea hivyo huko Geita. Chaja iliungua, na nyusi za dereva mmoja zilichelewa sana kuota. Luhende hakuiacha habari hiyo ipumzike.

"Plagi ya Geita haina haya," alikuwa akisema. "Inasalimia hata mwizi."

Na Mabula alijibu kwa kupitia madereva wa lori: "Mwambieni mzee, plagi yake mpaka uilipie mahari ndipo ikuachie."

Kwa hiyo gari likifika Geita, Mabula alikata plagi ya Luhende akafunga yake. Likirudi Shinyanga, Luhende alikata ya Mabula akafunga yake. Na fundi akikata plagi, hukata pamoja na kipande cha waya, kwa sababu ncha ya waya iliyokwisha kubanwa haibanwi vizuri mara ya pili. Hapo ndipo mnielewe, maana hili hakuna aliyelitarajia: waya za magari yetu zilikuwa zinafupika. Msimu kwa msimu, kiganja kwa kiganja. Waya uliokuja na mita tatu ulifikia hatua ambayo toroli lililazimika kubanwa ukutani kabisa ili lifikie chaja, kama mtoto anyonyaye. Yalibanana hata sikupata pa kupita na ndoo yangu ya maji.

Mwishoni mwa Juni 1995, Bwana Dhiraj aliingia chumbani kwangu kabla pamba haijaanza kumiminika. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea akitazama vitu badala ya watu. Alishika waya uliokuwa mfupi kuliko wote, akaupima kwa mkono wake.

"Mama Kulwa, hii ni waya au ni kishikizo?"

"Ni waya, Bwana Dhiraj. Imechoka kukatwa."

"Na mimi nimechoka kununua. Mafundi wawili, plagi mbili, na sababu hata moja sijaelezwa. Mpaka mwisho wa Julai mnipe plagi moja, huku na Geita. Mkishindwa, nauza haya magari, naleta matrekta."

"Na ghala? Na watu wa ndani ya mlima?"

"Trekta litakaa nje ya ghala. Mlimani watabeba kichwani, kama zamani." Akaweka waya chini taratibu. "Na hiki chumba tutaweka mbegu."

Alipotoka nilikaa juu ya kreti. Pacha wangu walikuwa wanakaribia kumaliza shule ya msingi, na ada ya sekondari haikuwa na baba mwingine zaidi ya chumba hiki. Hiyo ni hesabu ya kila mzazi. Lililoniuma zaidi ni kuona mbegu za pamba zikimwagwa mahali ambapo nilijifunza kusikiliza.

Nilimfuata Luhende karakana. "Shemeji, ikubali ya Mabula, au mkae muunde nyingine."

Hakuinua uso. "Plagi iliyounguza chaja niikubali mimi?"

Mabula alipofika na lori lililorudisha magari ya mwisho, nilimwambia vilevile. Alimwamkia Luhende kwanza, kwa adabu: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea waya, au umeniletea mikia ya panya?"

"Nimeleta iliyobaki, mzee. Mingine umeila wewe."

Wafanyakazi walicheka, na mimi nikaona hakuna kitakachopatikana. Hapo kulikuwa na jambo chini ya jambo. Usukumani, baada ya mavuno, tuna mbina, ngoma za mashindano, na wacheza ngoma wana pande mbili tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu. Luhende alikuwa Mgika, tena aliwahi kuwa manju, kiongozi wa ngoma anayetunga na kuimbisha. Mabula alikuwa Mgalu mtupu. Hata waya ungekuwa wa dhahabu, Mgika hapokei kitu mkononi mwa Mgalu kabla ya kushindanishwa.

Nikasema moyoni: basi washindanishwe.

Kwa asiyejua, mbina haina hakimu. Pande mbili hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kutembea. Asiyeridhika na huku huenda kule. Jua likizama, wenye watu wengi ndio washindi, na hakuna wa kukata rufaa, kwa maana miguu haihongwi. Nilikwenda kwa Bwana Dhiraj nikamwomba ruhusa: kila gari lifungwe mikia miwili ya waya, mmoja wa plagi ya Luhende na mmoja wa Mabula. Ukuta wa mashariki wa chumba changu uwe wa chaja za Luhende, wa magharibi uwe wa Mabula. Kila jioni dereva apeleke gari ukuta anaoutaka. Asilazimishwe mtu, asihimizwe mtu. Alikubali, akamwagiza Mabula abaki Shinyanga hadi mwisho wa Julai, akanunua waya mpya mara ya mwisho, na alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Wataalamu wa leo wakisikia mikia miwili kwenye betri moja watashtuka, na wana haki. Mkia usiotumika una umeme uleule. Ukigusa chuma, unapata cheche juu ya betri inayonong'ona. Kwa hiyo nilikata mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli, nikashona kofia za kuivisha kila plagi isiyo kazini, nikaifunga kwa kamba. Dereva aliyeacha mkia bila kofia nilimnyima ufunguo asubuhi hadi aniombe radhi. Hakuna aliyerudia.

Luhende aliponisikia nimetoa wazo lile, alikuja mlangoni.

"Mayu," aliniita, neno la Kisukuma la kumwita mama, ambalo hakuwahi kunitamkia. "Nani alikufundisha kuipima betri?"

"Wewe, shemeji."

"Nani alikupa koti la kwanza?"

"Wewe."

"Na unanipeleka uwanjani na mtoto wa Geita?"

"Nakupeleka kwa sababu humu ndani husikii neno langu. Huko utasikia miguu."

Alicheka kwa pua. "Manju hakatai uwanja," akasema. "Lakini utaona."

Tulianza Jumatatu, tarehe 3 Julai 1995. Jioni ile ya kwanza ukuta wa mashariki ulijaa. Madereva wengi walimheshimu Luhende, na wengine walikuwa Wagika wenzake. Shija, dereva wa foklifti kubwa, aliyewahi kumpigia Luhende ngoma, alichomeka kwa mbwembwe, akapandisha mguu ukutani kama anayeanza kucheza. Mabula alipata matoroli mawili tu. Alikaa upande wake akichokonoa meno.

"Mgalu umepoa!" walimtania.

"Uwanja una jua bado," alijibu.

Kisha pamba ikaingia kwa nguvu. Malori yalikuja kutoka vijijini, mapana kwa magunia, na madereva walibeba marobota tangu asubuhi. Jioni mikono yao ilikuwa inatetemeka. Nikaanza kuona gari moja linasita katikati ya chumba, dereva anatazama mashariki, anatazama magharibi, kisha anakunja taratibu kwenda kwa Mabula, bila kumtazama Luhende. Kesho yake jingine. Mmoja alijifanya amekosa nafasi mashariki, wakati nafasi zilikuwa tatu. Mimi nilifuta vifuniko vya betri na kujitia sioni, na sikufurahi. Chumba changu kilikuwa kinapona, na kilipona kwa kumwumiza mtu aliyenifungulia mlango wake.

Ijumaa, tarehe 21, upande wa mashariki alibaki Shija peke yake. Aliingia na foklifti, akaisimamisha katikati, akateremka. Alimwendea Luhende akapiga goti kidogo, kama afanyavyo mdogo kwa mkubwa.

"Mwangaluka, mzee."

"Ni jioni, Shija. Unanisalimia salamu ya asubuhi?"

"Nimechanganyikiwa, mzee."

"Sema."

"Ngoma yako tamu. Ila bega hili halichezi tena."

Luhende alilitazama bega lake. Akamwambia, "Nenda, mwanangu. Usije ukaanguka uwanjani kwangu." Na Shija akapeleka gari magharibi, akalichomeka kwa mkono mmoja, na hakuna aliyepiga kelele ya ushindi. Hata Mabula alivua kofia.

Madereva walitoka. Luhende hakutoka. Aliwasha chaja zake zote, moja baada ya nyingine, zikavuma tupu bila gari hata moja mbele yake. Akavuta kiti chake, akakaa katikati ya ukuta wake, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa mbina. Nikaelewa. Manju hashuki kwa sababu watu wameondoka. Hucheza hadi jua lizame, hata akiwa amebaki na kivuli chake. Nilitaka kutoka nikamwachia nafasi, lakini Mabula, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia, akavuka chumba, akachuchumaa mbele yake na kuanza kumwitikia. Mgalu akimwitikia Mgika! Waliimba hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukaondoka, ndipo Luhende akasimama, akazima chaja zake.

"Wabeja," alimwambia Mabula. Asante. Akaenda nyumbani.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta karakana kabla ya kengele. Mbele yake kulikuwa na plagi ya Mabula, imefunguliwa, na kijiti cha shaba alichokichonga mwenyewe, kinachong'aa kama pete. Mabula alipofika, Luhende alimwonyesha.

"Plagi yako ina kila kitu isipokuwa adabu. Inakubali kila mtu. Nimeitia kijiti upande mmoja na tundu upande wa pili. Igeuze juu chini uone."

Mabula aligeuza, akasukuma. Haikuingia. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Haikuingia.

"Inakataa," alisema.

"Plagi nzuri ni ile inayojua kukataa. Sasa ikikubali, iwe nyepesi kama ya kwako. Na betri za volti kubwa tutaweka kijiti upande mwingine, zisije zikachanganywa na ndogo."

"Mzee, kwa nini hukuniambia hivi tangu tisini na tatu?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Walifunga magari yote tisa siku ileile, na plagi nyingine wakaziweka katika sanduku la kupelekwa Geita. Kazi ilipofika kwenye kuondoa mikia ya Luhende, Mabula alitoa kisu, akasita. Luhende alikichukua kisu kile, akakiweka juu kabisa ya rafu. Akaleta bisibisi, akafungua skrubu za plagi zake mwenyewe, moja moja, bila kukata hata uzi wa waya. Waya zile ndefu alizikunja, akazitundika kwenye ukuta wa mashariki.

Bwana Dhiraj alikuja Jumatatu. Alichomeka, akachomoa, akageuza juu chini, akajaribu kulazimisha, ikamkatalia. Alitabasamu akiitazama plagi.

"Mama Kulwa," alisema, "agiza maji ya betri. Ya mwaka mzima."

Nilijibu, "Ndiyo, Bwana Dhiraj," kwa sauti ya kawaida. Alipotoka nilifunga mlango nikalia kidogo, kisha nikafungua madirisha, maana betri zilikuwa zimeanza kunong'ona.

Niliacha kazi tarehe 30 Juni 2006. Luhende alikuwa amekwisha kutangulia, na Kulwa na Doto walikuwa watu wazima wenye vyeti vyao. Waya za magari zilikuwa na urefu uleule waliouacha mafundi wawili Jumamosi ile.

Basi mkigombana tena mbele ya uzio wangu, msisukumane njiani. Ingieni. Uwanja upo, chai ipo, na plagi zenu nitazisikiliza zote. Ila kisu kiacheni getini.